Mota ya umeme kwenye Black Mamba, baiskeli ya marehemu baba: miezi saba baadaye

Kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nipo ufuo wa Dunga hapa Kisumu, nangoja mashua zirudi. Nauza samaki. Ngege ndiyo kazi yangu, na mbuta ikipatikana kwa bei ya kueleweka naichukua pia. Wateja wangu wengi wako Mamboleo. Kutoka ufuoni hadi kwao ni kama kilomita kumi, lakini anayeijua Kisumu anajua kilomita hizo hazifanani. Hadi katikati ya mji unaenda tu. Ukishapita Kibuye barabara inaanza kukudai, na kutoka Kondele kupanda Mamboleo inakudai kila ulicho nacho, hasa ukiwa na kreti la kilo arobaini nyuma na goti lililoanza kulia miaka mitatu iliyopita.

Baiskeli yangu ni Black Mamba aliyoinunua baba mwaka 1983, wakati akifanya kazi KICOMI, kiwanda cha nguo cha Kisumu. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wengi hawajapata kuiendesha: ni ile nyeusi ndefu ya chuma kitupu, gurudumu la inchi 28, gia moja, keria ya kubeba gunia, na breki za vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Baiskeli za aina hii ndizo zilizozaa jina boda boda kule Busia miaka ya 1960, zikivusha watu na mizigo mpakani. Baba alipofariki aliniachia hii na panga. Sikutaka kuiuza, na pikipiki sikuitaka, kwa sababu faida ya samaki ni ndogo na petroli haijali kama leo umeuza au hujauza.

Kwa hiyo niliamua kuiwekea mota. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye Black Mamba ya zamani anayefikiria kufanya hivyo. Nimepitia mikono miwili ya mafundi, wa kwanza uliniumiza na wa pili ukaniponya, na tofauti yao haikuwa mota. Mota ni ile ile mpaka leo.

Mkono wa kwanza siutaji. Walikuwa vijana wachangamfu, wakafanya kazi kwa siku moja. Mota ya gurudumu la mbele, wati 350, volti 36, pamoja na kontrola (kisanduku kinachoiongoza mota), eksileta na kioo kidogo cha kuonyesha mwendo, shilingi 24,000. Betri waliyosema ni ya saa-ampea 15, yaani kipimo cha umeme inaoweza kubeba, shilingi 18,000. Kazi, 4,000. Jumla 46,000, na jioni nilipita barabarani upepo ukinipiga kifuani nikahisi nina miaka ishirini.

Siku ya tisa, nikiwa nimepita Kondele na kreti limejaa, nilisikia mlio mmoja mkavu, "ka!", kisha harufu ya plastiki inayoungua. Gurudumu likakwama. Niliteremka nikainama nikaona jambo ambalo sikulielewa siku ile: ekseli yenyewe, ile isiyotakiwa kuzunguka, ilikuwa imezunguka ndani ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na kuuvuta waya wa mota ukakatika kama kamba ya mbuzi. Nilishusha kreti, nikaita tuktuk ya mizigo, na faida ya siku hiyo ikaishia hapo. Niliporudi kwa wale vijana waliniambia nimebeba kupita kiasi.

Mteja wangu mmoja, mama anayekaanga samaki karibu na stendi ya Mamboleo, ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Kibuye. Ana kibanda cha mabati nyuma ya wauza vyuma chakavu, upande wa soko ambako sauti ya nyundo haikatiki. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, hana haraka. Nilipomwambia nataka arudishe waya na kuongeza nguvu ya mota, alizunguka baiskeli mara mbili, akashika breki ya mbele, akaisukuma baiskeli ikaenda tu.

"Mzee wangu," akasema, "hii siwezi kuiongezea nguvu. Kwanza haisimami."

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimekuja kwa habari ya kwenda, yeye ananiambia habari ya kusimama. Lakini aliniletea stuli, akaniuliza maswali ambayo wale wa kwanza hawakuniuliza hata moja. Unabeba kilo ngapi? Unapita wapi? Mvua ikinyesha unaendelea au unajikinga? Barafu ya samaki inayeyukia wapi? Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Betri yangu ilikuwa imefungwa kwenye keria chini ya kreti. Alipoifungua, maji ya samaki yalikuwa yameshaingia, na ncha za waya zilikuwa na ukoko wa kijani kama kutu ya shaba.

Nieleze alichonionyesha kuhusu ekseli, kwa sababu hapo ndipo watu wanaweza kuumia. Baiskeli ya kawaida, ekseli ya mbele haina kazi ya kuvutana na chochote, imekaa tu. Mota inapolisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyumenyume kwa nguvu ile ile. Kinachoizuia ni bapa mbili zilizochongwa kwenye ncha zake, ambazo zinapaswa kubanwa na mdomo wa foku. Ekseli ya mota ni nene, milimita 12, na bapa kwa bapa ni 10. Mdomo wa foku ya Black Mamba ulitengenezewa ekseli nyembamba kuliko hiyo, kwa hiyo lazima upanuliwe kwa tupa. Wale wa kwanza walipanua hadi ekseli ikaingia kwa kuteleza, kazi ikawa rahisi, nati ikakazwa, basi. Bapa zikawa hazina cha kushika. Mlimani, na mzigo, ekseli ikashinda nati.

Foku yangu ilikuwa imeharibika. Fundi alitafuta nyingine ya chuma kwenye rundo la chakavu jirani, akaigonga na kuipekua kutafuta ufa, akaifungua kidogo upana ili mota ikae, kisha akaanza na tupa. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama. Anapiga tupa mara tatu, anajaribisha ekseli, haingii. Mara mbili tena, anajaribisha. Mwisho iliingia kwa kugongwa na kipande cha mbao, na ilipoingia haikutikisika hata kwa upana wa unywele. Halafu akakata vipande viwili vya bamba la chuma la milimita 6, kila kimoja akatoboa tundu lenye bapa kama za ekseli, akavivisha pande zote mbili na kuvifunga kwenye miguu ya foku. Yeye anaviita mikono. "Nati inabana," akaniambia, "lakini mkono ndio unaokataa." Mikono hiyo miwili ilinigharimu shilingi 1,200. Kwa maoni yangu hakuna kitu kwenye baiskeli hii chenye thamani kubwa kuliko hiyo kwa bei yake, na nikikuta fundi anayefunga mota ya mbele bila mikono, simwachii hata baiskeli ya mtoto.

Mota yenyewe aliifungua. Waya uliokatika una nyuzi nane ndani: tatu nene zinazopeleka nguvu, na tano nyembamba zinazohusika na kuiambia kontrola mota imefika wapi katika mzunguko wake. Aliuweka mwingine, akachomelea kwa risasi uzi mmoja mmoja, akafunga kila mmoja mfuko wake. 3,500.

Kisha breki. Hapa inafaa nikae kidogo, maana hata mimi mwenye kuendesha Black Mamba tangu utotoni sikuwa nimelifikiria. Rimu ya asili ni ya chuma kinachong'aa, na raba za breki za vyuma zinaibana kwa ndani, kutoka upande wa spoki. Kukiwa kukavu zinatosha. Mvua ikinyesha, raba kwenye chuma chenye maji ni kama kupaka sabuni, na sote tunajua mvua za mchana za Kisumu. Tena gurudumu linalokuja na mota halilingani na la asili. Linaitwa inchi 28 pia, lakini ukipima pale tairi linapokalia, la Black Mamba lina milimita 635 na la mota 622. Tairi ya moja haiingii kwenye jingine, na breki ya vyuma haiwezi kushika rimu ile mpya hata kidogo kwa sababu umbo lake ni tofauti. Wale vijana wa kwanza waliiacha breki ya mbele ikining'inia kama pambo. Nilikuwa nashuka Mamboleo kwa breki ya nyuma tu, na mimi nikidhani mota ndiyo maendeleo.

Nilitaka fundi ahamishe mota iingie kwenye rimu ya zamani, kwa kuipenda sura yake. Alinihesabia matundu ya spoki: rimu ya mbele ya baba ina 32, ya nyuma 40, na mota ina 36. Basi. Tukabaki na gurudumu jipya. Alichomelea vishikio viwili vidogo kwenye foku, akafunga breki ya kubana pembeni, ile ya baiskeli za milimani, yenye raba mpya. Rimu mpya ni ya aluminiamu na inashika hata ikiwa na maji. Chuma cha breki ya mbele alikiondoa, cha nyuma akakiacha na kukikaza. Mkono wa breki mpya una swichi ndani yake. Ukiugusa tu, mota inakata kabla raba hazijagusa rimu. Foku, vishikio na breki, 4,200.

Betri ndiyo iliyoniuma zaidi mfukoni. Aliichaji ile ya zamani ikajaa, ikasoma volti 42, sawasawa na inavyotakiwa kwa betri ya volti 36 yenye seli kumi za mfululizo. Nikasema, si unaona ni nzima? Akaunga balbu tatu za taa za gari, za volti 12 na wati 55 kila moja, kwa mfululizo, akaiwasha betri, akaangalia saa ya simu, akaendelea na kazi ya mteja mwingine. Kwa hesabu yake, betri ya saa-ampea 15 ingeziwasha zaidi ya saa tatu. Zilizimika baada ya saa moja na dakika ishirini. Alipoipasua ile plastiki ya buluu tukakuta seli kuukuu za kompyuta za mkononi, nyingine zina rangi tofauti, zimeungwa pamoja. Yaani betri ilikuwa na saa-ampea sita hivi. Volti inakuambia betri imejaa, haikuambii inabeba kiasi gani, kama mtungi ambao huoni kina chake.

Nilinunua nyingine kupitia kwake, saa-ampea 13, seli mpya, 31,000. Nilimwomba aijaribu mbele yangu kwa balbu zile zile na akakubali bila kununa. Ziliwaka saa mbili na dakika arobaini. Hiyo naikubali. Ameifunga ndani ya pembetatu ya fremu kwa mikanda ya chuma iliyowekewa vipande vya tyubu kuukuu ili isikwaruze. Pembetatu ya Black Mamba ni kubwa, inaimeza betri kana kwamba ilitengenezewa hiyo, na maji ya samaki yanadondokea nyuma yake.

Miezi saba sasa. Kioo kinasoma kilomita 3,700 na ushee. Natoka Dunga na mzigo, nafika Mamboleo kwa dakika thelathini na tano badala ya saa nzima, na narudi nyumbani Nyalenda betri ikiwa bado ina karibu nusu. Naichaji mchana. Stima ninayotumia kwa siku haifiki shilingi kumi. Zamani, siku ambazo goti lilikataa, boda ilikuwa inanila 250 kwa kwenda tu na kreti. Wateja wanapata ngege bado macho yanang'aa, na mimi nafika nikiwa na pumzi ya kuwasalimia.

Usidhani unakaa tu. Mota hii ina gia ndogo ndani, baadhi yake za nailoni, na fundi alinionya nisiifinye eksileta baiskeli ikiwa imesimama. Naanza kwa miguu, ikishatembea ndipo naipa moto. Kupanda pale juu ya Kondele nakanyaga pia, si kwa nguvu, lakini nakanyaga. Siku nilizojaribu kuiachia mota peke yake nilishika habu, kile kitovu cha gurudumu chenye mota, nikaikuta ya moto kama sufuria ya chai. Goti langu linapenda mwendo huu, linafanya kazi bila kuumizwa.

Yapo yasiyonipendeza. La kwanza ni utelezi. Mzigo uko nyuma, mota iko mbele, kwa hiyo gurudumu linalosukuma ndilo jepesi. Lami hakuna shida. Vichochoro vya Nyalenda baada ya mvua, gurudumu la mbele linazunguka bure kwenye tope, na usukani unaweza kukutoka mkononi. Mahali kama hapo nazima mota na kukanyaga kama baba alivyokanyaga. Nilimuuliza fundi kwa nini hakuweka mota nyuma, akanionyesha kwa rula: upana wa nyuma wa fremu hii hautoshi mota ya nyuma, ingebidi kutanua fremu yenyewe, na friwili ya zamani, ile gia ya gurudumu la nyuma, nayo isingekubali. Nimeelewa, lakini utelezi ni utelezi.

La pili, haina kihisi cha pedali. Vifaa vilikuja na kisahani cha kufunga kwenye krenki ili mota ijiwashe ukikanyaga. Krenki za Black Mamba zinashikwa kwa kotapini, pini ya chuma inayogongwa iingie, na yangu haijatoka tangu siku za baba. Alipiga nyundo mara nne, akaacha, akasema akiendelea ataharibu ekseli ya pedali. Natumia eksileta tu, na kidole gumba kinachoka.

La tatu ni muda. Aliniahidi siku nne, zikawa kumi na moja. Siku hizo zote nilibeba samaki kwa tuktuk. Naelewa anafanya kazi peke yake na kwamba saa aliyopiga tupa haikuwa ya kupoteza, lakini mfanyabiashara anahitaji kuambiwa ukweli wa siku mapema. Risiti pia nilipata baada ya kuomba mara mbili.

Mvua haijaisumbua. Waya unaoingia kwenye ekseli ameuacha ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili maji yafike pale chini yadondoke yasifuate waya hadi ndani ya mota. Jambo dogo kabisa. Mafuriko sipiti, nasukuma pembeni au nangoja.

Hesabu kwa anayetaka kuanza: kama ningeanzia kwake ningelipa 24,000 za mota na vifaa, 31,000 za betri, 4,200 za foku na breki, 1,200 za mikono na 5,000 za kazi yake. Hizo ni 65,400. Mimi kwa kupitia njia ndefu nimetoa 90,900. Si pesa kidogo kwa mchuuzi wa samaki, nilichukua mkopo kwenye chama na bado nalipa. Lakini kama fremu yako ni nzima, fremu ya chuma ya zamani inabeba kazi hii vizuri sana, kwa sababu foku yake haivunjiki ovyo kama zile nyepesi za aluminiamu, na fundi anaweza kuichomelea. Usiye na mzigo wala mlima, unayeenda tu dukani na kurudi, tunza pesa yako. Tia grisi, badilisha beringi, Black Mamba itakwenda.

Kila mwezi narudi kwake akague nati na ile mikono, hanitozi. Jumamosi hafungui, ni Sabato yake. Jumapili ndiyo siku nzuri kwa sababu soko limejaa na vipuri vinapatikana hapo hapo, ila nenda mapema. Shemeji yangu wa Ahero ameshapeleka ya kwake, naye alikuwa na haraka ya kujua itakimbia kiasi gani. Ameambiwa foku ina ufa kwenye shingo, aanze na hiyo.